Ndiyo Mwalimu, Nakuigiza

Acha niseme mwenyewe kabla darasa zima halijanisemea. Mguu wangu niliuumiza nikimwigiza naibu wa mwalimu mkuu, juu ya ukingo wa tangi la maji la shule, Alhamisi baada ya chakula cha mchana, na naibu mwenyewe akiwa amesimama nyuma yangu.

Wenzangu huumia kwa heshima. Huumia wakicheza mpira, wakiruka ua, wakikimbizwa na mbwa wa watu. Mimi niliumia nikitembea. Naibu wetu ana mwendo wake. Mguu wa kushoto haukunjiki vizuri kwenye kifundo, kwa hiyo anashuka na kisigino kwanza, tap, bega linainama kama la mtu anayepita mlango mfupi, halafu zile funguo zake kiunoni zinalia, cheng. Tap, cheng. Tap, cheng. Sauti hiyo ikisikika barazani, hata waliolala darasani huamka wakiwa tayari wameshika kalamu. Hakuna aliyewahi kumuuliza mguu ule ulipatwa na nini. Tuliuchukulia tu kama mali ya shule, kama kengele.

Kumwigiza ilikuwa kazi yangu. Kila shule ina mtu wa kazi hiyo na shuleni kwetu nilikuwa mimi, bila mshahara. Siku hiyo nilikuwa nimefunga kiunoni funguo zote za makufuli ya madawati ya kidato cha tatu, nikapanda kwenye ukingo wa saruji unaozunguka tangi, nikaanza. Tap, cheng. "Wewe wa nyuma, hapa si sebuleni kwenu." Watu wakacheka mpaka wakashikana. Halafu wakanyamaza, wote, mara moja. Mchekeshaji mwenye akili angejua. Mimi nilidhani wamezidiwa na utamu. Nikageuka ili niwape raundi ya pili, na naibu alikuwa pale, amekunja mikono.

"Endelea," akasema. "Ulikuwa umefika wapi?"

Nilikuwa nimefika mwisho wa ukingo. Nilishuka bila kupanga kushuka. Mguu wa kushoto ulitua kwa ubavu, kifundo kikaenda kwao na mimi nikaenda kwetu.

Maumivu yalikuja polepole, kama mtu anayepanda ngazi. Lakini aibu ilikuwa imeshafika, kwa hiyo niliinuka haraka, nikajipangusa, nikasema, "Samahani mwalimu," nikaondoka. Nikachechemea, mguu wa kushoto, bega likiinama. Funguo zilikuwa bado kiunoni.

Cheng.

Watu walikufa kwa kicheko. Kumbe kwa macho yao nilikuwa bado naendelea na maonyesho, tena mbele ya mwenyewe. Nilisikia mtu akisema, "Huyu msee ni shujaa." Naibu alitoa kijitabu chake mfukoni akaandika.

Sasa, mtu wa kawaida angeenda kwa mwalimu wa zamu, angesema mwalimu nimeteguka, angepewa ruhusa aende nyumbani akakae. Mimi sikuweza, na sababu ilikuwa msichana mmoja wa darasa letu aliyekuwa na dira shingoni.

Klabu ya jiografia ilikuwa imeandaa mbio za ramani siku ya Jumamosi. Mnakimbia wawili wawili. Mnapewa ramani yenye vituo saba vilivyotawanywa mitaani, kila kituo kina kibendera cha rangi ya machungwa na nyeupe na kidude cha kutoboa kadi. Mnatafuta vituo kwa mpangilio, mnatoboa, mnarudi. Jozi mbili za kwanza zinapelekwa kambi ya wiki nzima chini ya mlima, kufundishwa ramani na watu wanaoifanya kazi hiyo. Wanafunzi wa kidato cha nne hawaruhusiwi, wana mtihani, kwa hiyo kwetu sisi wa kidato cha tatu huo ulikuwa mwaka wa mwisho.

Mimi nilijiunga kwa sababu klabu ya jiografia hupewa mkate na soda. Yeye alijiunga kwa sababu alitaka kuwa mpima ardhi tangu kidato cha kwanza. Nyuma ya kila daftari lake kuna ramani: ya shule, ya ploti yao, ya njia ya kwenda kanisani. Dira yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Nje ya Nairobi alikuwa ameenda mazishini tu. Mwalimu alipanga jozi kwa kuvuta karatasi kutoka kwenye kofia, na msichana huyo alipovuta jina langu aliketi chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Na sheria zilikuwa hivi. Jozi zikishaandikwa hazibadilishwi. Mwenye jeraha haanzi mbio. Mmoja akitoka, mwenzake naye ametoka. Majina yaliandikwa Jumatano, mimi nikaanguka Alhamisi. Nikisema nimeumia, kambi yake imekwisha kwa sababu ya tap, cheng. Basi nikaamua kutosema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuamua kunyamaza, na bahati yangu, nilichagua siku mbaya.

Ijumaa nilichechemea shule nzima na shule nzima ilinipigia makofi. Nikienda chooni, makofi. Nikienda kuchukua githeri, mpishi mwenyewe akacheka akaniongezea. Mara mbili nilipita mbele ya naibu, na mara zote mbili kijitabu kilitoka.

Mwenzangu alinisubiri langoni saa ya kwenda nyumbani.

"Wacha hiyo mambo ya kutembea kama depu," akasema, maana naibu sisi humwita depu. "Kesho si mchezo."

"Sitembei kama depu."

"Unatembea kama yeye sahi hii."

"Ni viatu."

"Sikiza. Kesho ukinichezea, sitakuongelesha mpaka tufe."

Nikamwambia asijali. Nikaenda, tap, na nyuma yangu nikamsikia akisonya.

Nyumbani tunaishi wawili, mama na mimi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama ni fundi wa nguo. Cherehani iko karibu na mlango ili ipate mwanga, na wiki hiyo chumba kizima kilikuwa zambarau, kwa sababu alikuwa anamalizia magauni ya kwaya ya kina mama wa kanisa letu. Zambarau kwenye kiti, zambarau kwenye kamba, zambarau ndani ya sukari. Jumamosi asubuhi alipotoka na mtungi kwenda kununua maji, nikavua soksi nikautazama mguu. Nao ulikuwa zambarau. Kifundo kilikuwa kimejaa kama andazi.

Nilihitaji kitu cha kuukaza. Chini ya cherehani kuna kikapu cha vipande anavyovitupa, na juu ya kikapu kulikuwa na ukanda mmoja mrefu wa zambarau wenye pindo la manjano. Ulikuwa umekunjwa vizuri na kupigwa pasi. Kipande cha kutupwa hakipigwi pasi. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye sana. Niliufunga mara nane kuzunguka kifundo, nikavaa soksi juu yake, nikatoka kabla mtungi haujarudi.

Vituo vitatu vya kwanza vilikwenda sawa, yaani mwenzangu alikimbia, akasimama, akanisubiri, akapumua kwa pua, akakimbia tena. Kila nilipotua nilihisi msumari ukiingia. Nilicheka. Ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo, lakini ukicheka mwenyewe barabarani watu hukukwepa.

Kituo cha nne kilikuwa Buruburu. Ramani ilitaka tuzunguke kwa barabara kubwa, mwendo mrefu, na mguu ulikuwa umeanza kunitukana. Nikasema, "Kuna kichochoro hapa. Kinapita kati ya korti mbili za nyumba, kinatokea pale pale."

"Ramani inaonyesha ukuta."

"Ramani imechorwa na mwalimu. Mimi nimecheza hapa tangu darasa la pili. Hii mtaa naijua nikiwa nimefunga macho."

"Ungeifungua basi," akasema, lakini akanifuata, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba alinifuata.

Kichochoro kilikuwepo. Ila mwanzoni mwake sasa kulikuwa na geti la chuma, na nyuma ya geti kulikuwa na soja mwenye koti la baridi ingawa jua lilikuwa limewaka.

"Mnaenda nyumba gani?"

Kulikuwa na majibu mengi mazuri ya swali hilo. "Nyumba ya baba," nikasema.

"Baba gani?"

"Baba yetu uliye mbinguni."

Soja akafunga hata lile dirisha dogo la geti.

Tukarudi tulikotoka. Kwa ule ujanja wangu tulikuwa tumeongeza karibu mara mbili ya njia, na mguu ulifanya hesabu hiyo hatua kwa hatua. Nilipofika barabarani nikaketi kwenye ukingo. Sikuamua. Niliketi tu.

"Inuka."

"Dakika moja."

"Inuka, tafadhali." Halafu akaona jinsi nilivyoushika mguu. Akachuchumaa, akavuta soksi yangu chini bila kuomba ruhusa, akaona zambarau juu ya zambarau. Akatazama kwa muda kama anavyotazama ramani.

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ulikuwa unaigiza."

"Nilianza nikiigiza."

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alirudisha soksi juu polepole. Nilimweleza sheria, kwamba ningesema angetolewa, na akasema sheria anazijua, yeye ndiye aliyezinakili ubaoni.

"Unaweza kutembea?"

"Naweza."

"Usinidanganye."

"Naweza vibaya."

"Sawa. Tutatembea vibaya. Njia nachagua mimi. Na wewe utanyamaza, hata mtu akikusalimia."

Nikakubali. Kituo cha nne tulikipata, na cha tano, mimi nikiwa nimemshika bega, nimenyamaza kama mtakatifu. Jozi mbili zilitupita zikakimbia mbele. Mmoja wao akapaza sauti, "Buda, leo pumzika, depu hayuko." Sikujibu. Niliona fahari kubwa kwa kutojibu, na fahari hiyo ilidumu mpaka Mbotela.

Kituo cha sita kilikuwa pale, karibu na mfereji wa maji, lile bomba la watu wote, kati ya safu mbili za zile nyumba kuukuu za baraza la jiji. Tukafika kwenye mfereji. Kulikuwa na kina mama wakifua, kamba za nguo, watoto, jogoo mmoja. Bendera haikuwepo. Mwenzangu akatazama ramani, akatazama dira, akazunguka mfereji, akahesabu hatua kutoka ukutani. Zile jozi mbili zilizotupita zilikuwa zikihangaika huko nyuma ya nyumba, nao walikuwa wamekosa.

"Mnatafuta nini?" akauliza mama mmoja mnene aliyekuwa ameketi juu ya beseni kubwa lililogeuzwa. Wenzake walikuwa wakifua, yeye ameketi tu, kama mlinzi.

"Bendera, mama," akasema mwenzangu. "Kibendera kidogo cha rangi ya machungwa."

"Cha kazi gani?"

"Cha ramani."

Nguo ziliendelea kusuguliwa lakini taratibu sasa. Yule mama akaangalia karatasi, akaangalia dira.

"Na mmetumwa na nani?"

Mungu ni shahidi wangu, nilijaribu. Nilifunga mdomo nikahisi maneno yakisukuma kutoka ndani. Lakini mama alikuwa ameuliza vizuri sana, na mimi nilikuwa nimenyamaza vituo viwili.

"Kaunti," nikasema. "Tunaanza kubomoa na ile ya kona."

Hakuna aliyecheka. Kina mama wote wakasimama, mapovu yakidondoka viwikoni. Mmoja akaita mtu ndani. Mwingine akainyakua ramani mikononi mwa mwenzangu, akaigeuza juu chini, akasema, "Si nimewaambia? Si nimewaambia asubuhi?" Na hapo, kwa kuchelewa kama kawaida, nikaelewa. Nyumba zile, watu wamekuwa wakiambiwa zitabomolewa tangu sijazaliwa. Kila mara huja watu na karatasi, wanapima, wanapiga kigingi, wanaondoka. Asubuhi hiyo kijana wa klabu yetu alikuja mapema, akachomeka kibendera karibu na mfereji, akaenda zake bila kumsalimia mtu. Kwa wenyeji ilikuwa dhahiri ni bendera ya nini. Waliing'oa hata kabla ya chai.

"Anatania," mwenzangu akasema. "Mama, anatania, sisi ni wanafunzi, ni mashindano. Nirudishieni ramani. Tafadhali." Kisha akanigeukia, na macho yalikuwa yamejaa. Sijawahi kumwona hivyo kabla wala baadaye. "Waambie."

Nikawaambia. Mara moja nilitaka kuaminiwa, na nina uso ambao haujawahi kuaminiwa. Nilisema ni mashindano ya shule, nikasema mambo ya kambi, nikasema huyu msichana akikosa kituo hiki ameikosa, na kosa ni langu, si lake. Nikaonyesha beji ya shule kwenye fulana. Yule mama wa beseni akaikazia beji macho, halafu akanikazia mimi.

"Hebu geuka. Wewe si mtoto wa fundi? Yule anayetushonea magauni ya kwaya?"

"Ndiyo, mama."

"Mama yako ni mtu mwenye adabu sana," akasema. "Ilikuwaje akazaa redio?"

Sasa wakacheka. Mama akainuka kutoka kwenye beseni kwa kuugua, akalifunua, na chini yake kulikuwa na kibendera chetu na kidude cha kutobolea, vyote vimeloa sabuni. Tukatoboa kadi. Ramani ikarudi ikiwa na alama ya kidole cha povu. Mwenzangu akawaita hata wale wa jozi nyingine, nikamwuliza kwa nini, akasema, "Kwa sababu kimepotea kwao pia." Mimi nisingewaita. Lakini walikuwa wameshazunguka mbali, ni jozi moja tu iliyosikia ikaja mbio, ikatoboa, ikatuacha hapo.

"Mwambie mama," yule mama akaniita nikiondoka, "gauni langu nakuja kulichukua leo jioni. Kesho naongoza wimbo." Kisha akasema, "Na huo mguu, una nini?"

"Ni mchezo, mama."

Kituo cha saba kilikuwa kwenye kona ya ukuta wa shule, mahali unapoona uwanja na utepe wa mwisho, na kilikuwa na msimamizi. Msimamizi alikuwa naibu.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Alituona tukija kutoka mbali, na kutoka mbali hakukuwa na njia ya kutembea isipokuwa ile ile. Tap. Bega. Tap. Nilijaribu kunyooka. Nikajaribu kuruka kwa mguu mmoja, mwenzangu akaninong'oneza, "Usiruke, unaonekana zaidi." Kwa hiyo tukafika hivyo.

Naibu alichukua kadi yetu lakini hakutoboa. Aliishika.

"Kijana," akasema, "nikuulize kitu kimoja tu, na unijibu. Unaniigiza?"

Sijui kama mtu mwingine amewahi kuwekwa pale. Nikisema hapana, basi mguu ni mbaya, na mwenye jeraha haruhusiwi, na mwenzangu ametoka akiwa anaona utepe. Nikisema ndiyo, nimemtukana naibu wa mwalimu mkuu usoni, nikiwa na akili timamu, mbele ya shahidi. Maisha yangu yote nimefanya utani ili watu wacheke. Huu ndio pekee niliofanya nikijua hakuna atakayecheka.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Nakuigiza."

Mwenzangu alishusha macho. Naibu alinitazama mguuni, si usoni. Akatoboa kadi, akamrudishia yeye, si mimi.

"Jumatatu asubuhi," akasema. "Na mzazi."

Tulimaliza wa pili. Mwenzangu hakuruka wala hakupiga kelele. Alienda akaketi chini ya ubao wa matokeo, akaikunja ramani yenye alama ya povu mara nne, akaiweka ndani ya soksi yake. Mwalimu wa klabu akatangaza kwamba majina ya kambi yatakuwa kamili Jumatatu, naibu akishatia sahihi. Naibu. Nilitaka kulala pale pale kwenye nyasi.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama amepindua chumba. Godoro lilikuwa limesimama.

"Hujaona mshipi hapa? Mrefu, wa zambarau, una pindo la manjano? Niliukunja nikauweka juu ya kikapu nisiusahau. Ni wa gauni la kiongozi wa kwaya, nimeukata maalumu, yeye ni mnene kuliko wengine."

Niliuhisi mshipi huo ukinikaza kifundo kama mkono wa askari.

"Panya labda," nikasema.

"Panya wa kuchukua mita mbili?" Kisha akanitazama. "Na wewe unatembea aje?"

"Tumekimbia sana, mama. Nimechoka. Na Jumatatu unaitwa shule."

Akaacha kutafuta. Nilimweleza nusu: kwamba nilimwigiza naibu. Mama hakunipiga, alikaa tu kwenye kiti cha cherehani akashika kichwa, na wakati huo huo mlango ukabishwa, na mama wa beseni akaingia kuchukua gauni lake. Sitaki kusimulia jinsi mama alivyoomba radhi. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, duka lilikuwa limefungwa. Yule mama alisema haidhuru, fundi, Mungu haangalii mshipi. Akaniangalia mimi, akaangalia mguu, akaenda.

Mtauliza kwa nini sikuufungua nikautoa. Ulikuwa umelowa jasho na tope, umenyooka kama kamba ya mbuzi. Na nyumba yetu haina mahali ambapo mama hajatafuta isipokuwa ndani ya soksi yangu.

Jumapili kwaya ilisimama mbele ikimetameta, viuno vyote vimefungwa zambarau na manjano, isipokuwa kimoja. Kiongozi aliimba vizuri kuliko siku zote. Lakini gauni lisilo na mshipi lilikuwa refu, akawa analikanyaga, kwa hiyo mkono mmoja aliuinua kwa Bwana na mwingine ukawa umekamata gauni kiunoni tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mama, kando yangu, alifumba macho wimbo mzima. Hakuwa anaomba.

Jumatatu tukaingia ofisini kwa naibu. Mama alivaa kile kitambaa cha kichwa cha shughuli rasmi. Kupitia dirishani nilimwona mwenzangu amesimama barazani, mikono imefungwa kifuani, anangoja.

"Mama," naibu akasema, "huyu kijana aliniambia kwa mdomo wake kwamba ananiigiza ninavyotembea."

"Mwalimu, nakuomba msamaha," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi nikatazama sakafu. "Sikumlea kucheka mwili wa mtu. Kazi yoyote utakayompa, hata ya muhula mzima, mimi sitasema neno."

Naibu akaitikia kwa kichwa. Akavuta karatasi ya majina ya kambi, akaisoma taratibu, akatia sahihi, akagonga muhuri. Akamwita mwenzangu kutoka barazani akamkabidhi. "Peleka kwa mwalimu wa klabu. Mwambie sheria ya jozi ilikuwa ya mbio tu; wa pili kwenye jozi yenu watafute mwingine, huyu ana shughuli." Mwenzangu akaipokea kwa mikono miwili. Alinitazama kidogo, akatoka, na tukasikia akianza kukimbia kabla hajafika mwisho wa baraza, mahali ambapo ni marufuku kukimbia.

Naibu akangoja mpaka mbio zikaisha. Kisha akafunga mlango.

"Mimi nimetembea na mguu huu tangu nikiwa na umri wako," akaniambia. "Nilipoumia niliuficha ili nisitolewe kwenye timu. Ukiniigiza, huwa unashuka na kisigino, na unaigiza vizuri, sikatai. Jumamosi ulikuwa unashuka na vidole. Karatasi imeshatiwa sahihi. Vua kiatu."

Nikavua kiatu.

"Na soksi."

Nilimwangalia mama. Nikavua soksi pia, polepole, na mshipi ukajifungua wenyewe, raundi baada ya raundi, ukateremka sakafuni na pindo lake la manjano. Naibu aliinama kuuangalia uvimbe. Mama hakuangalia uvimbe. Aliokota ncha ya mshipi kwa vidole viwili, akaunyoosha wote, akaupima kwa macho toka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema:

"Mwalimu, hospitali nitampeleka, usiwe na wasiwasi. Lakini kwanza tutapitia Mbotela, kwa miguu, kwa sababu kuna mtu mzima aliyemwimbia Mungu jana akiwa ameshika nguo yake kwa mkono."